Zulia la Chumba cha Dada

Tarehe 4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi ni kwa mama tu, kifua bado kinakoroma. Wewe na mgongo wako mnaendeleaje hapo nyumbani kwetu? Pole kwa simu yako kuzama kwenye ndoo, na yangu nayo imekufa. Barua tutampa dereva wa vifurushi, huwa anapita hapa hospitali.

Fundi kapita hapa kuniambia amemaliza kutandika zulia jipya chumbani kwa mama. Nakuomba unitunzie. Viatu vibaki nje. Madirisha wazi mpaka harufu ya gundi iishe. Mashine ya kufyonza vumbi iko nyuma ya kabati, ipitishe taratibu. Kitu kikimwagika, kandamiza kwa kitambaa cheupe, usisugue, na maji usimwage kabisa, chini kuna sponji. Daktari alinikalisha akaniambia: kifua cha mama kikikutana tena na unyevu au ukungu, safari nyingine huenda tusirudi naye.

Mpwa wako


Tarehe 8 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba, tena marahaba kubwa! Huku mwili unadunda, mgongo umenyooka kama nguzo ya umeme. Mpe dada pole nyingi.

Sasa, zulia unamfundisha nani? Mimi niliyetandika zulia la hoteli moja, refu hivi kwamba mhudumu akitoka mlangoni na chai, inafika mezani imepoa! Siku naondoka meneja alinililia begani. Hiyo mashine yako nimeijaribu, inapiga kelele kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, ikanifyonza na soksi. Nimeirudisha ilikotoka.

Halafu chai ikaniponyoka kidogo karibu na kitanda. Kikombe kizima, tuseme. Nikasema haya, huu ndio mchezo wangu. Ndoo za maji, sabuni ya unga, fagio gumu, nikalisugua lote kona hadi kona, povu likanifika magotini. Linang'aa mpaka jua linaona haya kuingia. Mwambie dada atatembea pekupeku kama malkia.

Mjomba wako, Injinia


Tarehe 10 Machi

Mjomba,

Shikamoo. U mzima?

Umemwaga ndoo za maji? Juu litakauka, lakini chini sponji imeyanywa yote. Nakuomba leo hii inua kona moja, tia mkono, nusa, kisha uniambie ukweli. Ukweli mtupu, si ule wa hotelini. Wanataka kumruhusu mama mwisho wa wiki, kitanda kinahitajika.

Nilimsomea barua yako. Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Nikamwambia, "Mama, mjomba ameliloweka zulia." Akasema, "We acha. Ndugu yangu akisema linang'aa, linang'aa." Sikuwa na moyo wa kumbishia.

Mpwa wako


Tarehe 13 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Sijambo, ila ni sijambo ya mtu anayesimama kwa kushika ukuta.

Niliinua kona. Sponji ikanitemea maji mkononi. Harufu ni ya kisima kilichofunikwa. Na pale zulia linapokutana na ukuta kuna madoa meusi, mfano wa pilipili manga. Nilipoyaona mara ya kwanza yalikuwa machache, nikajiambia ni vumbi. Sasa yamefika chini ya kitanda cha dada.

Injinia akafikiri. Nikawasha majiko ya mkaa mle mle chumbani, nikafunga madirisha joto lisitoroke, nikakaa kusimamia. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kofi. Jirani yetu, yule mama fundi cherehani, alikuwa amenikalia kifuani pale barazani, ananizaba kulia na kushoto. "Amka, we mzee mjinga! Mkaa ndani, madirisha umefunga, ulikuwa unajizika?" Kaniburuta peke yake, na kitambi hiki. Kichwa bado kinagongwa kama mlango wa mdaiwa.

Nikifumba macho namwona dada amelala kwenye kile kitanda, mdomo wazi, anatafuta hewa. Mpwa, msije. Wapigie magoti hao madaktari wambakishe. Nitaling'oa zulia lote na kusugua sakafu, lakini wiki hii sitamaliza.

Mjomba wako


Tarehe 14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hii nampa muuguzi mmoja anayekuja huko leo. Dereva wa vifurushi hajafika hapa, wanasema gari limeharibika, kwa hiyo sijapata jibu lako na roho iko juu.

Kitanda wameshakichukua, mama tumemkalisha kwenye kiti koridoni. Kesho asubuhi tunakuja kwa teksi. Anasema umenyamaza kwa sababu umeshalikausha na unataka kumshangaza. Tafadhali mjomba, iwe hivyo.

Mpwa wako


Tarehe 15 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole na safari, pole na kifua. Barua yangu haikuwafikia, kwa hiyo karatasi hii utapewa na fundi cherehani hapo getini. Isome kabla hujasogea.

Usiingie ndani. Chini ya zulia kumeota ukungu, na nimeuotesha mimi kwa ndoo zangu. Najua hapo ulipo unacheka. Dunia nzima wewe ndiye pekee uliyezicheka hadithi zangu kisha ukaziamini, na leo hilo ndilo linaloniogopesha, kwamba hii nayo utaicheka halafu uingie. Ningejua siku moja nitahitaji kuaminiwa, ningeutunza ukweli kidogo. Muulize huyo fundi cherehani. Tazama uso wake kama anacheka.

Amekutandikia kitanda kwake. Sakafu yake nimeigusa kwa kiganja changu, kavu.

Mimi nimejifungia humu na kisu, nakata zulia vipande vipande na kuvitupa nje kwa dirisha la nyuma. Kila kipande kikinyanyuka, vumbi jeusi linaruka, na mlango ukifunguliwa litakuja moja kwa moja kwako. Ufunguo ninao mfukoni.

Gonga, dada. Nitukane. Waite majirani uwaambie mdogo wako amekufungia mlango wa nyumba yako mwenyewe.

Sifungui.

Mdogo wako