Ukuta wa Upande wa Kitanda

Ng'ambo, Unguja
10 Januari 1954

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Babu na kikohozi chake. Uliniambia nisikufiche kitu, basi leo nitakueleza yote bila kupunguza.

Ukuta wa chumba cha Babu na Bibi, ule wa upande wa kitanda, umeinama. Fundi Bakar aliugonga kwa kiganja, akatikisa kichwa. Anasema uvunjwe na kujengwa upya kabla ya masika. Tunahitaji boriti arubaini, chokaa na makuti. Boriti zinauzwa kwa korija, nami nimehesabu kumi na mbili kwa kila korija, kwa hiyo tununue korija nne, na fedha ulizoleta hazitoshi. Tupunguze nini?

Mwanao,
Hamda

Mombasa
24 Januari 1954

Mwanangu Hamda,

Marahaba. Mimi mzima, kazi za bandarini tu zinanichosha. Hesabu yako nimeicheka mpaka wenzangu wakaniuliza nina nini. Korija si darzeni, mama! Korija ni ishirini. Nunua mbili, na fedha itabaki ya chokaa ya kupaka barazani. Usipunguze kitu. Bakar aanze mwezi ujao.

Baba yako,
Msabah

Ng'ambo
21 Februari 1954

Baba yangu,

Shikamoo. Najua simu ya msiba wa Babu imekufikia. Mungu akupe subira.

Boriti zimefika, zimelala uani. Lakini Bibi yumo edani, na eda itakwisha masika yameshapita. Fundi Bakar alikuja akakohoa mlangoni. Bibi akamjibu nyuma ya pazia, "Bakar, wataka nitoke nyumbani kwa marehemu kwa sababu ya udongo?"

Mwalimu wetu wa dini anasema nyumba ikihofiwa kuanguka, mwenye eda anaruhusiwa kuhamia pengine. Nilipomwambia Bibi akasema, "Mume kafa wako au wangu?" Anasema atamsikiliza mwanawe tu. Njoo, Baba.

Mwanao,
Hamda

Mombasa
7 Machi 1954

Mwanangu,

Marahaba. Ruhusa nimeomba, nimenyimwa. Nimeomba tena, nimenyimwa. Msomee Bibi haya, polepole: "Mama, nakusihi, hamia kwa jirani yetu Mwanapili, umalize eda yako huko. Hakuna dhambi."

Baba yako,
Msabah

Ng'ambo
21 Machi 1954

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mvua zimeanza.

Nilimsomea Bibi polepole kama ulivyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Msabah hajaniambia 'nakusihi' tangu nimzae. Hayo maneno ya skuli. Umeyatunga weye." Nikamwonesha sahihi yako. Akaigeuza barua juu chini, akanirudishia. Nilimwita Mwanapili anishuhudie, naye hajui kusoma.

Tumekisogeza kitanda katikati ya chumba, lakini udongo unafika mpaka kwenye mto. Upande wa ukuta nalala mimi. Bibi hajui kwa nini nimeng'ang'ania upande huo. Anadhani naona joto.

Sijui la kufanya zaidi, Baba, ila hili moja. Kuna neno ulilokuwa ukimwambia Bibi ulipokuwa mdogo, mkiwa wawili tu, ambalo mimi nisingeweza kulitunga. Niandikie kwa meli ya kwanza. Ulikuwa ukimwitaje?

Mwanao,
Hamda