Jicho la Linnea kwenye kadi ya Krismasi

Marit, shosti, kaa chini kwanza. Ndiyo natoka na Linnea kwa daktari wa macho.

Ile picha uliyotupiga na masweta ya kulungu, niliyokucheka kwamba umempa mwanangu jicho la paka, moja linang'aa jeupe? Ukang'ang'ania nimpeleke, nikaenda ili unyamaze tu.

SARATANI, Marit. Ndani ya jicho. Mtoto wa miaka miwili, anakimbia, anaiba keki!

Daktari akataka picha nyingine. Namfungulia simu: zote macho meusi, mazuri kama ya mwanasesere. Nikamgeukia mume wangu.

"Lile jicho jeupe nilikuwa nalipaka rangi kwenye simu," anasema Darrell. "Kwa ajili ya kadi. Nilidhani ni mwanga wa flashi ya kamera."

Nalipaka rangi! Kila picha! Baba mzima anafuta ugonjwa kwa kidole! Nikataka kumrukia, lakini analia kuliko mtoto.

Ya kwako tu haikuguswa, maana ilikuwa mbaya mno hata kwa kadi. Daktari kaikodolea macho, akasema tumewahi, wengi wanaowahi hivi hupona.

Sasa sikiliza, mpiga picha mbovu kuliko wote hapa Duluth: nakuomba, usijifunze.