Isale la Baba

Jumatatu, 3 Juni 2024
Ti, ti, ti. Ukucha wa Baba kwenye chupa. Kila akichota maji ya mfereji kule Kirua Vunjo aliigonga chupa mara tatu, mapovu yatoke, ndipo aifunge. Miaka mitano sijaisikia sauti hiyo. Leo nimeisikia kwenye maabara ya shule, mbele ya wanafunzi arobaini — kumbe naigonga mimi mwenyewe!

Mchana Shangazi Eunike akanipigia. Ana barua saba. Baba aliziandika wiki ile ya mwisho kabla ya kukimbilia Norwe, alipokataa kuibadilisha ripoti yake ya sumu kwenye mfereji na watu wasiojulikana wakaanza kumuulizia sokoni. Alimwagiza: mpe Isack akitimiza ishirini na moja. Mdogo wangu katimiza jana.

Zote za Isack. Hata moja si yangu. Kule mferejini chupa nilishika mimi! Lakini kitindamimba wa kiume ni yeye, kihamba, shamba la ukoo, ni chake, basi na maneno ni yake. Naelewa. Inauma pia.

Jumatano, 5 Juni
Nimezichukua barua kwa Shangazi, nikampelekea Isack mjini. Alikuwa anakunja mahema ya watalii. Hakunyoosha mkono. Ati mtu aliyeondoka bila kuaga asianze kutuma amri.
"Si amri," nikasema.
"Unajuaje, Dada? Umezisoma?"
Sijazisoma.
"Basi soma, si unapenda kusoma! Mimi zikinifikia nawashia jiko."
Wapagazi wenzake wakaangua kicheko. Jumamosi wanapanda mlima.

Alhamisi, 6 Juni
Gundi ya bahasha ya tatu imelegea. Kidole kimoja kingetosha. Mle ndani kuna vipimo, nina hakika, na katika ukoo huu wa kuvielewa ni mimi tu. Nimezifunika kwa kanga, nikasahihisha madaftari.

Ijumaa, 7 Juni
Tulikuwa tunamenya ndizi za mtori. Shangazi akalitaja kama jambo dogo tu: barua zilikuja zimefungwa kwa isale.
— Isale?! Liko wapi?
— Kwenye Biblia, mwanangu. Niliogopa litaoza lichafue karatasi. Nikaweka uzi.
Uzi! Baba alimwomba mwanawe msamaha kwa jani ambalo Mchagga halikatai, hata awe na hasira ya namna gani, na Shangazi akalifanya alama ya Zaburi. Sikumgombeza. Alishaanza kulia, kisu mkononi.
Limekauka, rangi ya chai. Kitanzi alichofunga Baba hakijafunguka.

Jumamosi, 8 Juni
Sikufungua hata moja. Asubuhi nimelilowesha jani lisivunjike, nikazipitisha barua zote saba kwenye kitanzi kilekile. Tumewahi gari lao likiwa bado linapakia. Shangazi kasimama kando, shahidi. Nimempa Isack kwa mikono miwili.
Wapagazi wakashusha mizigo. Wa Mwika, wa Uru — hakuna asiyejua jani lile.
"Umelifunga wewe?" Isack akauliza.
Nikamwambia aangalie fundo. La kurudia mara mbili, lile Baba alilotufundisha kufungia majani ya ng'ombe.
Aliliangalia sana.
"Dada, hujanitendea haki."
Lakini kapokea, na kwa mikono miwili. Hakuzitia kwenye mzigo. Kaziingiza kifuani, ndani ya jaketi, akavuta zipu hadi shingoni.

Sasa saa tano. Watakuwa wameshapita getini. Shangazi anauliza kama nina wasiwasi. Sina. Nimemwambia sina — ila kambini leo, zamu ya kuwasha jiko ni ya Isack.