Jogoo wa Mama Roza

Aroni, nimeaibika. Nimeaibika ndugu yangu, sijui nikuambieje.

Leo nilikuwa namrudisha Mama Roza kwao Ubaruku, ametoka hospitali Iringa. Kwa ile ndege mpya ya kanisa, yenye skrini kila mahali.

Nikabonyeza weee, ramani ikagoma. Nikajifanya najua ninakokwenda.

Mara nasikia nyuma yangu: "Mwanangu, mashamba ya mpunga ya kwetu si tumeshayapita?"

TUMESHAYAPITA! Mgonjwa ndiye ananionyesha njia!!

Unakumbuka ule mnada wa mavuno kanisani kwao? Si ulikuwa wa kuchanga hela za kutusomesha hizo skrini sisi marubani wa kujitolea? Nani alisimama akasema, "Hizi ni kama simu tu, hela inunulieni kwaya sare"? Mimi. Na makofi nikapigiwa.

Tumetua salama. Nikamwomba radhi.

Akasema, "Kosa letu, baba. Mimi mnadani nilitoa jogoo mmoja tu, ndiyo maana hamkusoma mpaka mwisho. Mwaka huu naleta mbuzi."

Kwaya ilikuwa imekuja uwanjani kumpokea, inaimba.

Wote wamevaa zile sare.