Vidole vya Mama kwenye Kadi ya Krismasi

Baba Kezia,

Ugali uko kwenye sufuria, na sukuma nimeifunika kwa sahani. Mwanao Omolo avue shati la kanisa kabla hajagusa mchuzi.

Nimetoka. ~~Sijakasirika.~~ Nimekasirika kidogo.

Asubuhi ulisema ukuta wetu una madoa, hautafaa kwa picha ya kadi ya mama yako. Haya, nikatandua shuka letu jeupe, nikalipiga pasi, nikasimama juu ya stuli nyuma yenu nikalishikilia. Jirani yetu Gichuru na kamera yake akawa ananiambia tu, "Juu kidogo, Mama Kezia! Usitikisike!" Mkapigwa picha mkiwa mmekaa, mkapigwa mkiwa mmesimama, mpaka filamu ikaisha.

Ndipo Kezia akauliza, "Na mama yuko kwa picha gani?"

Ukajibu, "Vidole vyake vitaonekana."

Mkacheka. Hata mimi nilicheka, mpaka nilipofika jikoni.

Basi mama yako ataona wajukuu, ataona mwanawe na tai yake, ataona jinsi shuka lilivyonyooka. Atajua umeoa vizuri.

Mimi nimevaa lile rinda la buluu, nimeenda kwa mpiga picha wa hapo sokoni. Nitakaa kwenye kiti, na kama kuna pazia la kushikwa, atashika mtu mwingine. Picha hiyo ndiyo nitakayotia kwenye bahasha ya mama yako, na nyuma yake nitaandika: Krismasi njema kutoka kwetu sote.

~~Msiningoje kula.~~ Ningojeni.

Mama Kezia