Suke la Metaponto

Roseville, 20 Oktoba 1996

Shikamoo mama. Umefika salama? Mgongo unasemaje baada ya safari? Sisi wazima, ila baridi ya huku ughaibuni imeshaanza kutung'ata masikio.

Mama, umeondoka kabla ya siku ulizopanga kukaa, hata kuniaga vizuri hukuniaga. Nisamehe nilivyolirukia kapu la sadaka siku ya mavuno na kulipekua mbele ya watu. Ile sarafu uliyoitoa sadaka haikuwa yangu. Profesa alinikabidhi niifanyie utafiti. Ni fedha ya Metaponto, mji wa Wagiriki waliohamia Italia, na ina miaka zaidi ya elfu mbili. Ungeniuliza tu, mama!

Mwanao,
Ambakisye

Kyela, 17 Novemba 1996

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, mgongo ni ule ule. Mkwe wangu hajambo?

Ningekuuliza saa ngapi, nawe unatoka na gari alfajiri, unarudi nimeshalala? Nyumbani siku ya mavuno napeleka mpunga. Huko kwako nilikuwa na nini? Nikaona mezani kipande cha fedha kimechorwa suke. Nikasema, haya, Mungu kanihurumia, siendi mikono mitupu. Kuchukua bila ruhusa ni kosa, nalikiri, na aibu ninayo.

Lakini si kapu lililonirudisha. Watu walipouliza, "Kaiweka nani?" ulijibu, "Bibi mmoja mgeni, amefikia kwetu." Ati mgeni! Mimi niliyekubeba mgongoni hata ukajua kusema! Simama pale pale useme mimi ni nani. Kisha uniandikie.

Mama yako

Roseville, 3 Februari 1997

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute mzima. Huku theluji imefika madirishani.

Nimekawia kwa woga. Jumapili baada ya Jumapili nilikaa karibu na mlango, ibada ikiisha natoka mbio. Na kinachonichoma ni hiki: ulifanya kama walivyofanya wenye sarafu hiyo. Inasemekana watu wa Metaponto walipobarikiwa mashamba, walipeleka hekaluni mavuno ya dhahabu, yaani masuke yaliyofuliwa kwa dhahabu. Hayo nimeyasoma mimi, na bado nikakuonea haya wewe.

Jana, wakati wa matangazo, nikasimama. Nikasema, "Yule mliyemwona siku ya mavuno ni mama yangu mzazi. Nilimkana."

Mzee Eliakim, mmoja wa wazee wa kanisa, akanijibu pale pale alipokaa: "Keti, kijana. Tulijua siku ile ile, pua hiyo umeitoa kwake. Ulipomwita mgeni alikuwa anakutazama, nasi tukakosa pa kuficha nyuso zetu."

Nikaketi, mama. Mpaka sasa sijui niinue vipi macho.

Mwanao, kama bado wanikubali,
Ambakisye