Bwana Yangu Anataka Kumujibu Père wa Sandoa

Tata Tharcisse wa gazeti, nakuandikia na roho yenye imetulia lakini haijalala, naomba uninyooshee njia, sababu mi ni muke wa Numbi, fundi wa umeme ku kazi ya mugodi hapa Kolwezi, na toka mwanzo wa mvua mu nyumba yetu hakuna tena mahali ya kuweka sahani, meza yote ni waya na lampe ndogo za vioo, sababu Numbi aliagiza ku Ulaya sanduku ya bipande bya radio, ile yenye mutu anaiunga yee mwenyewe kwa kufuata picha ku karatasi, na kila akitoka kazi anabeba mbabula yangu ya kupikia, anatia chuma yake mu makala juu ya kuyeyusha risasi ya kugandisha waya, na mi nangojea kusonga unga ya bukari mupaka amalize, batoto banalia njaa, nyumba yote inanuka moshi ya risasi, nikamuambia, “Tata Numbi, chagua: ao hii bitu, ao mi,” na yee anacheka, anasema, “Mama, ngojea. Itasema.”

Kisha maji ya mvua ikabomoa kilalo, daraja ya muto, ku njia ya Sandoa, wakati dada yangu mudogo Odile alikuwa kule ku hospitali ya misioni anangojea kuzaa, mimba yenye ilimupa taabu sana, na bwana yake Kalombo alibakia hapa ku kazi, kamyo hazipiti, waya ya télégraphe ilikatika, na mutu mumoja mwenye alivuka muto na mutumbwi akasema ku soko asema ule mama wa Kolwezi alikufa na mutoto wake mu tumbo. Basi tukaikala chini ku kilio, mu nyumba yetu. Bamama benye tulitoka nabo Kasai bakakuja kulia pamoja na shiye, Kalombo akanyoa kichwa, mama yangu akakatala kula.

Siku ya Mungu, kiisha misa, Numbi akaingia mu kilio, akainama ku sikio yangu. “Tshilombo, simama, kuja. Odile eko muzima.”

Nilisikia hasira inanipanda, nilizani anatafuta uongo ya kuokoa mashini yake, nikamujibu mbele ya batu bote, “Usinichezee na maiti.” Yee hakukasirika, akanishika mukono, akaniikalisha ku meza, akanivalisha bile bya kusikilizia ku masikio. Mwanzo nilisikia makelele tu kama mafuta mu kikaango, kisha sauti ya muzungu, mbali, inaongea Kiswahili pole pole. Ilikuwa Père wa Sandoa, padri wa misioni, mwenye ana ruhusa ya Serikali ya kusema na radio yake, anasomea mwenzake wa Tenke majina ya bagonjwa benye kilalo kiliwafungia kule, na majina yote anairudilia mara ya pili, na nikasikia: “Odile Bilonda, muke wa Kalombo wa Kolwezi, alizaa mutoto mwanamuke. Bote babili beko bazima.”

Tata Tharcisse, siyui namna gani nilisimama. Kalombo alininyanganya bile bitu, akavaa, lakini Père alishapita ku jina ingine, basi akaangalia sura yangu tu, na akaanguka juu ya kiti akilia kama mutoto. Mama yangu akaomba maji, kisha akaomba bukari. Na wakati kamyo ya kwanza ilipita, Odile akashuka na mutoto ku mugongo, munene, analala, na akatuelezea asema mwenye alikufa alikuwa mama mwingine wa kijiji cha karibu, Mungu amupokee.

Sasa neno yenye kunisumbua ni hii: Numbi anataka kuunga radio ya pili, ya kusema. Nikamuuliza, “Useme na nani?” Akanijibu, “Ule Père anaita majina mu hewa, hajui kama kuko mwenye anasikia huku Kolwezi. Nataka kumujibu neno moja tu: tulisikia.” Lakini jirani yetu mwenye ni sentinelle, mulinzi wa mugodi, aliniambia, mutu mweusi mwenye kusema mu radio pasipo karatasi ya ruhusa ya Bulamatari, Serikali ya bazungu, batamufunga, batasema anapinga Serikali, na mu nyumba ya kampi ya kazi batatufukuza. Nikimukatalia, nitakuwa mutu asiye na shukrani, nikinyamaza, naweza kumupoteza. Nifanye nini?

Mama Tshilombo, Kolwezi

*

Mama Tshilombo,

Nimefurahi na Odile na mutoto wake. Kilio chenye kugeuka kicheko hakipatikani kila mwaka. Mushukuru Mungu, na mushukuru ule Père mwenye hakuchoka kurudilia majina.

Sasa nikukaripie kidogo. Mu barua yako yote nimetafuta mahali wee unamuambia bwana yako “naogopa,” sikuipata. Ulimuambia “chagua.” Ulimuambia “usinichezee.” Unaniambia mi, mutu wa gazeti, kitu chenye Numbi mwenyewe hajasikia. Mwanaume hawezi kuona woga yenye umefunika na hasira. Umuambie leo, mbele ya kusonga bukari: “Numbi, mi naogopa batakufunga.” Usiongeze kitu.

Jirani yako hakudanganya. Radio ya kusikia na radio ya kusema si kitu kimoja. Ile ya kusikia, aende ku posta aulize kama inaomba karatasi, na kama inaomba, aichukue, mambo iishe. Ile ya kusema, pasipo ruhusa ni kosa, na kwa mutu mweusi hii miaka ni kosa mara mbili. Hakuna hakimu mwenye atangojea kusikia habari ya Odile. Asiunge hata waya moja. Kama anaipenda kweli, aombe ruhusa, aulize Père namna ya kujifunza mutihani wenye banapimia batu ba radio ya kusema. Sikuambii batamupa. Nakuambia mutu mwenye aliomba, hata bakimukatalia, analala mu kitanda yake.

Na uache kusema asema kukatala ni kukosa shukrani. Shukrani si kumufuata mutu mupaka ku boloko, mu gereza. Ukitaka kumushukuru, mupatie pembe moja ya nyumba na meza yake, na yee ajitafutie mbabula yake. Batoto bale kwanza.

Inabakia ile neno moja yenye anataka kusema. Niliuliza fundi mumoja wa radio hapa, akashangaa tunasumbuka juu ya nini. Asema batu ba hii kazi, mutu akisikia mwenzake wa mbali, anamuandikia karte ya posta: nilikusikia, siku fulani, sauti ilifika namna hii. Bazungu banazipanga ku ukuta kama picha za batakatifu. Hakuna sheria yenye inakataza.

Basi Numbi aandike karte. Chini ya maneno yake, Odile aandike jina ya mutoto. Njia ya Sandoa ilishafunguka, kamyo zinapita. Uibebe ku posta wee mwenyewe, kesho asubuhi.

Tata Tharcisse